Uchambuzi wa takwimu

Uchambuzi wa takwimu ni kazi ya kukusanya, kupanga na kufafanua data ili kupata maana yake. Wanafunzi wa sayansi huuhitaji katika majaribio, kwa kuwa vipimo vya kitu kilekile hutofautiana mara kwa mara. Kukokotoa ni sehemu tu ya kazi hiyo. Sehemu nyingine ni kuhakikisha kwamba namba zinazolinganishwa zinahusu kitu kimoja.

Sampuli

Mara nyingi haiwezekani kupima kila kitu, hivyo huchaguliwa sehemu yake inayoitwa sampuli. Sampuli nzuri huwakilisha eneo lote linalozungumziwa. Katika Mkoa wa Iringa, Mufindi ni nyanda za juu zenye baridi na mashamba ya chai, lakini Pawaga ni bonde lenye joto ambako mpunga hulimwa kwa umwagiliaji. Vipimo vya halijoto vya Mufindi pekee, hata vikiwa vingi sana, havielezi hali ya mkoa mzima.

Wastani na mtawanyiko

Tuseme mwanafunzi amepima miche mitano ya mahindi na kupata sentimita 12, 14, 15, 15 na 34.

* Wastani: jumla 90 ikigawanywa kwa 5, yaani 18.
* Mediani (namba ya katikati vipimo vikipangwa kwa ukubwa): 15.
* Modi (namba inayojirudia zaidi): 15.
* Mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi data zinavyotawanyika kuuzunguka wastani): karibu 9.

Miche minne kati ya mitano ni mifupi kuliko wastani, kwa sababu kipimo cha 34 kimeuvuta juu. Kipimo hicho hakifutwi kwa kuwa tu hakifanani na vingine. Mche hupimwa upya. Ikionekana kuwa urefu wake ni 14, wastani unakuwa 14 na mkengeuko sanifu unashuka hadi karibu 1.2. Ikiwa kweli ni 34, kipimo kinabaki, na ripoti inapaswa kutaja mediani pamoja na wastani.

Kulinganisha data

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,707,410 katika Mkoa wa Mbeya. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 2,343,754. Anayetoa tu hupata upungufu wa watu 363,656 na anaweza kudhani kwamba wakazi wamehama. Lakini mwaka 2016 wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe zilitengwa na kuwa Mkoa wa Songwe, ambao mwaka 2022 ulikuwa na watu 1,344,687. Mikoa hiyo miwili kwa pamoja ilikuwa na watu 3,688,441, yaani ongezeko la asilimia 36 hivi katika miaka kumi.

Hali hiyohiyo humkuta anayelinganisha sensa za 2002 na 2012 kwa Iringa, kwa sababu Mkoa wa Njombe ulitengwa nao mwaka 2012.

Hesabu ya kutoa haina kosa, lakini anayepanga madarasa au zahanati kwa kuifuata angepunguza huduma mahali ambapo watu wameongezeka. Kwa hiyo kila jedwali la data linapaswa kuonyesha kilichopimwa, mahali, tarehe na kipimo kilichotumika, kabla ya kukokotoa chochote.