KARATASI YA RANGI ZA MAJI NAYO HUWAMBWA

Rongui ni kisiwa kidogo cha pwani ya kaskazini ya mkoa wa Cabo Delgado, nchini Msumbiji, jirani na kisiwa cha Vamizi. Mchoraji afikaye huko hakosi la kuchora: mchanga mweupe, kasa wanaopanda ufukweni kutaga mayai, na bahari inayogeuka rangi saa kwa saa. Rangi za maji zaafiki mno mandhari ya namna hiyo. Lakini maji yanayozipa rangi hizo wepesi wake ndiyo hayo hayo yanayoiharibu karatasi isiyotayarishwa.

Karatasi ni nyuzi za pamba au za mti zilizoshikamana. Nyuzi zikinywa maji huvimba. Mahali palipopakwa rangi hutanuka na mahali pakavu hubaki palivyo, hivyo karatasi hufanya mawimbi. Rangi hutiririka na kutuama mabondeni, na mbingu iliyokusudiwa kuwa safi hutoka na mabaka. Hasara hiyo si ndogo. Karatasi ya aina hii ni ghali, aghalabu huagizwa kutoka mbali, na kosa la rangi za maji halifunikwi kwa rangi nyingine juu yake.

Kinga yake ni kuwamba, kazi ambayo watu wa pwani na bara waijua katika ngoma. Ngozi huloweshwa, huvutwa ikiwa laini, hufungwa, nayo ikikauka hujikaza yenyewe. Karatasi hufuata kanuni iyo hiyo.

IPI IWAMBWE?

Karatasi hupimwa kwa uzito wa mita moja ya mraba. Ile ya gramu 300, itumiwayo na wengi, yafaa kuwambwa ikiwa itapakwa maji mengi. Iliyo nyepesi kuliko hiyo haina budi kuwambwa. Ya gramu 640 ni nene kiasi cha kustahimili bila kuwambwa.

VIFAA

Vyatakiwa ubao mnene na mnyofu, uliopita karatasi kwa ukubwa pande zote, beseni safi, sifongo, na utepe wa karatasi wa kahawia wenye gundi inayoamka kwa maji. Utepe wa plastiki haushiki penye unyevu. Katika hewa ya pwani utepe wa gundi huweza kugandamana wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo uhifadhiwe ndani ya kopo lililofungwa barabara. Asiye nao aweza kukata vipande vya karatasi ya kaki na kuvipaka gundi nzito ya wanga wa muhogo uliopikwa.

KAZI YENYEWE

Kwanza, vipande vinne vya utepe vikatwe vikiwa vikavu, kila kimoja kirefu kidogo kuliko upande wake.

Pili, karatasi ilazwe ndani ya maji baridi kwa dakika 5 hadi 10. Iliyo nyembamba, muda mfupi zaidi. Maji ya moto yasitumiwe, kwani huyeyusha gundi nyepesi iliyotiwa kiwandani ili karatasi isifyonze rangi kama shashi.

Tatu, ishikwe kwa pembe mbili, ichuruzike, kisha ilazwe ubaoni. Sifongo ipitishwe taratibu kutoka katikati kwenda kingoni ili kuondoa hewa na maji ya ziada, pasipo kusugua.

Nne, kila kipande cha utepe kiloweshwe kidogo na kubandikwa, nusu juu ya karatasi na nusu juu ya ubao.

Tano, ubao uachwe umelala kivulini hadi kesho yake. Ukisimamishwa, maji hushuka upande mmoja na kuubandua utepe. Ukianikwa juani, kingo hukauka kabla ya katikati, na karatasi yaweza kupasuka.

MAJI YA CHUMVI NI ADUI

Kisiwani maji ya bahari yako karibu kuliko yote, lakini yasitumiwe. Chumvi ikibaki ndani ya nyuzi huvuta unyevu wa hewa, na karatasi haikauki sawasawa. Visima vya visiwa vidogo navyo mara nyingi huwa na chumvichumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ndiyo bora. Wakati wa mvua za kaskazi, kukauka huchukua muda mrefu kuliko wakati wa kusi.

Si kila mchoraji hupata taabu hii. Edward Saidi Tingatinga, aliyevuma Dar es Salaam tangu mwaka 1968, alichora juu ya vipande vya ubao mgumu kwa rangi ya mafuta, naye hakuhitaji kuwamba chochote.

Picha ikamilikapo, ibaki ubaoni hadi ikauke kabisa, kwani ikitolewa mbichi hujikunja. Kisha ikatwe kwa kisu chenye makali ndani ya ukingo wa utepe, upande mmoja na ule unaoukabili, halafu miwili iliyosalia. Utepe uliobaki ubaoni uloweshwe na kukwanguliwa, na ubao utakuwa tayari kwa karatasi nyingine.