Choroa wa Arabuni Waliopitia Isiolo

Choroa mweupe wa Arabuni huweza kukaa miezi mingi bila ya kunywa maji, akitosheka na umande na majani. Lakini mbele ya motokaa na bunduki hakuwa na kinga. Mwaka wa 1962 chama kimoja cha London cha kuhifadhi wanyama kilimtuma Meja Ian Grimwood, mkuu wa Idara ya Wanyama ya Kenya, akawakamate waliosalia jangwani, mashariki ya Aden. Walipatikana wanne tu, idadi isiyojaza zizi la maskini, na mmoja akafa. Watatu waliletwa Isiolo kutunzwa, kisha wakapelekwa Marekani wazaane pamoja na wengine. Mwaka wa 1972 choroa wa mwisho wa porini waliuawa huko Oman. Mwaka wa 1982 wazao wa kundi la Marekani walifunguliwa katika jangwa lilo hilo, na walinzi wao wakawa Waharasisi, wafugaji wa ngamia na mbuzi wa pale pale.