Nani mstaarabu? Neno moja katika magazeti ya zamani

Ustaarabu ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kitenzi lililotokana nacho kina maana ya kufuata mwenendo wa Waarabu. Zamani watu wa miji ya pwani walijitambulisha zaidi kwa uungwana. Mwungwana alikuwa mtu huru, mzaliwa wa mji, mwenye ukoo unaotajika. Usultani wa Unguja ulipostawi katika karne ya 19, ustaarabu ukaanza kuusukuma uungwana pembeni, na kinyume chake kikawa ushenzi, jina walilobandikwa watu wa bara bila wao kuulizwa.

Magazeti ya Kiswahili yalilipokea neno likiwa na mzigo huo. Wakati wa Wajerumani, gazeti la Kiongozi lilitolewa Tanga, kwenye shule ya serikali, na barua zake ziliandikwa zaidi na watu waliopita shule kama hizo: walimu, makarani na watumishi wengine wa serikali. Wengine walikuwa wamepelekwa kazini mbali na bahari. Kwao, kuandika habari za bara kwa Kiswahili, zikasomwa Tanga, kulitosha kuonyesha nani anamsimulia nani.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika, Dar es Salaam, Januari 1923. Mwaka uliotangulia Waingereza walikuwa wamepitisha sheria ya kukomesha utumwa nchini humo. Sheria haikufuta kumbukumbu za nani alikuwa mtumwa wa nani, lakini heshima iliyojengwa juu ya kuzaliwa huru ilipoteza nguzo yake ya kisheria. Mambo Leo likaupa ustaarabu nguzo nyingine: shule, usafi wa mwili na nyumba, kilimo bora, kazi ya kudumu, utii kwa serikali. Neno likaondoka kwenye nasaba, likawa safari. Nchi nzima ikasemwa kuwa inastaarabika, na aliyeitwa mshenzi jana akaahidiwa kuwa akisoma atafika. Ahadi hiyo ilikuwa na ujanja wake, maana aliyepima umbali uliobaki alikuwa mkoloni mwenyewe.

Wasomaji hawakuingojea ahadi wakiwa wamekunja mikono. Gazeti lilikuwa na safu ya Habari za Miji, iliyojazwa na barua fupi za watu wa Tanga, Tabora, Mwanza na kwingineko. Zilikuwa habari ndogondogo za mji: mvua, misiba, wageni, michezo. Aliyetangaza kwamba mji wake umepata shule mpya alikuwa anautafutia mji huo cheo mbele ya miji mingine, na yeye mwenyewe, kwa kuchapishwa jina lake, amejitafutia chake.

Mahali palipowaka moto ni ngoma ya beni. Ilianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, na wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi wakaisambaza mpaka bara. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa tarumbeta, gwaride, sare na vyeo vya kijeshi vya kujipachika. Je, huo ni ustaarabu au ni upuuzi? Wachezaji waliona kwamba nidhamu, mavazi nadhifu na vyeo ndivyo hasa Mzungu alivyojivunia. Waliowapinga waliona fedha zinateketea kwa fahari ya siku moja. Hoja ya wachezaji ilikuwa na nguvu kuliko wapinzani walivyokubali, kwani kama ustaarabu ni kuiga wenye mamlaka, beni iliwaiga vizuri mno.

Serikali yenyewe ikaingiwa na wasiwasi. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alitaka kutawala kupitia machifu na mila zao. Mwafrika mwenye suti na maswali hakupata nafasi nzuri katika mpango huo, hata kama ndiye aliyetimiza kila sharti la kustaarabika.

Mombasa, mjadala ulichukua sura nyingine. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930, kisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Alikemea Waislamu wa pwani walioiga mavazi na starehe za Wazungu lakini si elimu na bidii yao. Kwake, maendeleo ya kweli hayakutenganishwa na dini.

Dar es Salaam, mfanyabiashara Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, alianzisha gazeti la Kwetu mwaka 1937. Hapo Mwafrika aliyesoma alikuwa na gazeti lisilomilikiwa na serikali wala misheni, na swali likageuzwa: mtu aliyekwisha kusoma, anayelipa kodi na kufanya kazi, ananyimwa haki kwa sababu gani?

Baada ya 1945 neno maendeleo likazidi kushika nafasi ya ustaarabu katika magazeti na hotuba za siasa. Ustaarabu ukabaki zaidi na maana ya adabu, ambayo ndiyo anayoikusudia leo mtu anayewaomba wenzake kwenye foleni wawe wastaarabu.