Sauti Iliyokosekana

Somo: Yohana 14:15–17

Sisi tuko hapa Kiwanjani, Isiolo. Leo twataka kuwaeleza jinsi wimbo wa kale unavyotengenezwa upya ili kwaya ya siku hizi iweze kuuimba, kisha tuone kazi hiyo yatufundisha nini.

Wimbo wenyewe ni wa Thomas Tallis, mtunzi Mwingereza aliyefariki mwaka 1585. Kwa Kiingereza huitwa "If ye love me", na maneno yake ndiyo somo letu la leo. Ulitungwa katika siku za Mfalme Edward VI, Kanisa la Uingereza lilipoanza kuabudu kwa lugha ya watu. Mwaka 1544, Askofu Mkuu Thomas Cranmer alikuwa amekwisha kumwandikia Mfalme Henry VIII kwamba muziki wa namna hiyo usijae noti nyingi. Yafaa karibu kila silabi iwe na noti yake moja, ili maneno yasikike.

Zamani kila mwimbaji alikuwa na kitabu cha sauti yake tu. Hapakuwa na mistari ya kugawa mapigo, wala kipimo kimoja cha juu na chini kilichokubaliwa na wote. Basi mhariri wa leo huzikusanya sauti nne katika ukurasa mmoja, hugawa mapigo, kisha huchagua kimo ambacho waimbaji wataweza kukifikia. Sisi twaongeza kazi mbili: kuandika kwa solfa, na kuyapanga maneno ya Kiswahili. Chukueni neno "Mfariji". Uzito wake uko katika "ri". Noti nzito ikiangukia "ji", neno limevunjika, na msikilizaji hakuambulia kitu.

Kuna jambo jingine. Wimbo huu umo katika vitabu vya mkono vya wakati ule viitwavyo Wanley, vilivyohifadhiwa Oxford. Vilikuwa vinne, lakini kile cha tena kimepotea. Wimbo wa Tallis haukupata hasara, kwa kuwa John Day aliupiga chapa London mwaka 1565. Lakini nyimbo nyingi za vitabu hivyo hazipatikani penginepo. Mhariri hana budi kuzisikiliza sauti tatu zilizobaki, atambue zimeacha nafasi wapi, ndipo aiandike ile ya nne. Naye akiwa mwaminifu, huonyesha wazi kwamba sauti hiyo ni yake, si ya mtunzi. Sisi tunaohubiri tujifunze hapo: tusichanganye lililoandikwa na lile tulilojiongezea wenyewe.

Ndugu wapendwa, sauti ya tena yapotea hata huku kwetu. Ukame unapozidi, vijana huondoka na mifugo kutafuta malisho. Wengine wamekwenda Nairobi kutafuta kazi. Tulipokuwa tukijifunza wimbo huu, tena alibaki mzee mmoja tu, naye noti za juu zilimshinda. Sisi, twakiri, tulitafuta njia rahisi. Tulisema sauti tatu zatosha. Mzee alinyamaza, akairudisha karatasi yake. Jumapili iliyofuata hakuja.

Tulipomwendea nyumbani alitukaribisha chai, akasema, "Mchungaji, mlipoufuta mstari wangu, nilidhani nami nimefutwa."

Tulirudi tukiwa na aibu, tukaichukua tena ile karatasi. Tuliushusha wimbo hatua moja, na waimbaji wawili wa besi wakahamia upande wa mzee. Hatukubadili noti ya Tallis, wala neno la Maandiko. Tulichobadili ni kimo tu, ili aliyeshindwa afikie. Mzee akarudi, akaimba.

Hiyo ndiyo tofauti twayotaka mwishike. Kushusha kimo si kushusha ukweli. Injili haipunguzwi kwa sababu ya udhaifu wetu, lakini mchungaji, mzazi na mwalimu wa kwaya wana wajibu wa kuileta mahali mtu aweza kuishika. Na mtu asipoiweza nafasi yake kama zamani, tusikimbilie kuifuta nafasi.

Bwana Yesu alisema maneno ya somo letu usiku ule wanafunzi walipokuwa karibu kuachwa. Alijua pengo linakuja, akawaahidi Msaidizi wa kukaa nao daima. Yeye hawafuti waliopungukiwa. Je, katika kanisa lako, ni nani ambaye mstari wake umefutwa? Mwendee juma hili.

Tuombe: Ee Baba, utusamehe tulipowaona wenzetu kuwa si wa lazima. Uwalinde walio mbali na mifugo na kazi zao, uwarejeshe salama. Utupe Roho wako, tukupende na kuzishika amri zako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.