Dubai: Ulemavu si sababu ya kumnyima mtoto shule

Wazazi walioko Dubai wenye watoto wanaohitaji msaada maalumu darasani wana haki ambayo si wote wanaoijua. Sheria Na. 29 ya mwaka 2006 ya Umoja wa Falme za Kiarabu inasema ulemavu peke yake si kizuizi cha kujiunga na shule, iwe ya serikali au ya binafsi. Mwaka 2017 Dubai ilitoa sera ya elimu jumuishi, ambayo inazihusu pia shule za kimataifa.

Kwa kawaida shule humpima mtoto, kisha humwandalia mpango wake wa masomo pamoja na wazazi. Penye uzito ni gharama: msaidizi wa kukaa na mtoto mmoja darasani mara nyingi hulipwa na mzazi, mbali na ada.

Tahadhari nyingine ni lugha. Mtoto aliyefika karibuni kutoka Zanzibar au Mombasa, Kiingereza chake bado kidogo, si mzito wa kuelewa. Huyo anahitaji masomo ya lugha. Waeleze walimu anavyosoma na kuhesabu kwa Kiswahili.

Mzazi, kabla hujalipa ada, omba matokeo ya vipimo na gharama zote kwa maandishi.