Meli Kukamatwa Baharini, na Bendera Iliyo Juu Yake

Wasomaji wetu wa Mwaya na wa pande zote za Kyela husikia mara kwa mara habari za meli za mafuta kukamatwa katika bahari za mbali, na wengine huuliza: Habari hizi zatuhusu nini sisi tukaao kando ya ziwa? Twaona yafaa kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo, nasi tutaanza na ziwa letu wenyewe, maana jambo lenyewe si geni huku.

Mwaka 1914 palikuwa na meli mbili za serikali zenye mizinga katika Ziwa Nyasa. Ya Waingereza iliitwa Gwendolen, na nahodha wake alikuwa Rhoades. Ya Wadachi iliitwa Hermann von Wissmann, nayo ililetwa vipande vipande kwa njia ya mito Zambezi na Shire, na nahodha wake alikuwa Berndt. Manahodha hawa walikuwa marafiki. Tarehe 13 Agosti, 1914, Gwendolen ilifika Sphinxhafen, mahali ambapo leo paitwa Liuli, ikaikuta Wissmann imevutwa nchi kavu ili itengenezwe, ikaipiga mizinga. Berndt alikuwa hajapata habari ya vita. Akapanda mashua kwenda kumwuliza rafiki yake amepatwa na wazimu gani, naye akatwaliwa mateka papo hapo. Waingereza wakaiharibu ile meli isifae kazi, wakaenda zao. Na Mei, 1915, wakarudi tena kuiharibu zaidi.

Tangu siku ile njia ya ziwa ilikuwa mikononi mwa upande mmoja. Waingereza waliweza kuchukua askari na vyakula kwa meli, na Wadachi wakabaki na njia za nchi kavu na vichwa vya wapagazi. Meli moja tu, tena haikuwa hata majini, na mizigo ya ziwa zima ikabadilika njia.

Sasa na twende mbali. Kati ya Iran, nchi ambayo wazee waliiita Ajemi, na Omani, uko mlango wa bahari uitwao Hormuz. Pale penye wembamba upana wake ni yapata maili 21, yaani nusu tu ya upana wa Ziwa Nyasa mahali palipo papana. Tena njia yenyewe ya meli kubwa ni maili 2 za kuingia na maili 2 za kutoka, kwa sababu ya kina cha maji na hofu ya kugongana. Kwa njia hiyo nyembamba, katika miaka ya 2018 hadi 2022, yalipita karibu sehemu moja katika tano ya mafuta yote yaliyotumika duniani. Mtu awezaye kusimama ukingoni mwa njia kama hiyo na kusema, ‘Hii ipite, hii isipite,’ ana nguvu kuliko wingi wa askari wake.

Yatupasa kupambanua mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Liko kwanza jambo la haramia. Novemba, 2008, haramia wa Kisomali waliikamata meli ya Waarabu wa Saudia iitwayo Sirius Star, mbali mashariki ya kusini ya Mombasa, ikiwa na mapipa ya mafuta yapata milioni 2. Wakaiachia Januari, 2009. Haramia hutaka fedha, na mataifa yote yana ruhusa ya kumkamata. Lakini dola ikikamata meli, hiyo ni shauri jingine, maana hutoa hati na kutaja sheria, na mara nyingi itakacho si shehena bali jibu la dola nyingine.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2019. Tarehe 4 Julai Waingereza waliizuia Gibraltar meli ya mafuta ya Iran iitwayo Grace 1, wakisema yapeleka mafuta Syria kinyume cha makatazo ya nchi za Ulaya. Siku kumi na tano baadaye, tarehe 19 Julai, askari wa Iran wakaikamata Stena Impero katika Hormuz, wakasema imevunja sheria za safari. Grace 1 ikaachiwa Agosti, na Stena Impero ikaachiwa Septemba. Hiyo Stena Impero mwenyewe alikuwa Mswidi. Mabaharia wake 23 walikuwa Wahindi kwa sehemu kubwa, na hapakuwa na Mwingereza kati yao. Kwa nini basi ikamatwe yeye kwa kosa la Waingereza? Kwa sababu ilipeperusha bendera yao. Baharini meli huhesabiwa kuwa ya nchi ambayo bendera yake iko juu yake, kama ilivyoandikwa katika Mapatano ya Sheria ya Bahari yaliyotiwa sahihi Jamaica mwaka 1982. Iran ilitia sahihi bila kuyathibitisha, na Marekani haikujiunga nayo, jambo ambalo hufanya maneno kuwa mengi kila meli inapokamatwa.

Na hapa ndipo habari inapofika nyumbani. Mwaka 1912 au 2012, mtu mwenye bendera nzuri hutafutwa na mwenye bendera mbaya. Mwaka ule wa 2012 Marekani na nchi za Ulaya zilipoyakataza mafuta ya Iran, meli za Iran zilianza kubadili majina na bendera, na nyingi zikaonekana na bendera ya Tanzania, zikiwa zimeandikishwa kwa daftari la Zanzibar na wakala aliyekaa Dubai. Mbunge mmoja wa Marekani, Howard Berman, akamwandikia Rais Kikwete kwamba nchi yetu yaweza kupatwa na makatazo yale yale. Serikali ikachunguza, na Agosti, 2012, meli 36 zikafutwa. Hata hivyo mambo hayakwisha: Januari, 2018, baada ya meli zenye bendera yetu kukamatwa ugenini, moja kwa dawa za kulevya na nyingine kwa vitu vya kulipuka, Rais Magufuli aliamuru uandikishaji wa meli za kigeni usimamishwe, na meli 470 zilizokuwa daftarini zichunguzwe. Sisi twaona ada ya kuandikisha meli ni fedha kidogo sana ikilinganishwa na hatari ya kujibu kwa ajili ya watu tusiowajua.

Limebaki shauri la bei. Meli ikikamatwa mahali, wenye bima hupandisha malipo kwa meli zote zipitazo hapo, hata zile ambazo hazikuguswa. Nyingine huzunguka mbali, kama zilivyozunguka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 2024 kwa kuogopa mashambulio ya Bahari ya Shamu, na kila siku ya safari ina mafuta yake na mishahara yake. Gharama hizo huteremshwa Dar es Salaam pamoja na petroli, zikapakiwa katika magari hadi Mbeya, zikashuka Tukuyu mpaka Kyela. Mamlaka ya nishati, EWURA, hutangaza kila mwezi bei ya mwisho kwa kila wilaya, na ya Kyela huizidi ya Dar es Salaam kwa sababu ya njia ndefu. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga, na mvuvi mwenye mashua ya injini hapo Mwaya, huisoma katika tangazo hilo.