Msingi wa Utafiti kwa Ufundishaji wa Akili Unde Shuleni: Nafasi ya Kiswahili Jijini Nairobi

1. Utangulizi

Mnamo Machi 2025 serikali ya Kenya ilizindua jijini Nairobi mkakati wa taifa wa akili unde kwa miaka ya 2025 hadi 2030. Miaka mitatu kabla ya hapo, yaani 2022, Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya (KICD) ilikuwa imeidhinisha silabasi ya kuandika programu za kompyuta kwa shule za msingi na za upili. Mwaka 2024 UNESCO nayo ilitoa miongozo miwili ya umilisi wa akili unde, mmoja wa wanafunzi na mwingine wa walimu. Kwa hiyo swali la kama maarifa haya yataingia madarasani limekwisha kujibiwa. Lililobaki ni kujua yataingia juu ya msingi gani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya msingi huo ni ya lugha, na kwamba utafiti unaohitajika hauwezi kuachiwa wataalamu wa kompyuta peke yao.

2. Lugha ya mwanafunzi na lugha ya somo

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, unataka mtoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Kuanzia Gredi ya 4, Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia. Katika mitaa ya magharibi ya Nairobi, kama vile Kangemi na Kawangware, mtoto huweza kusikia Kiluhya au Kikuyu nyumbani, Sheng njiani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani. Dhana ngeni ikimfikia kwa lugha ya darasani tu, upo uwezekano mkubwa wa kukariri jina lake bila kukielewa kinachotajwa.

Yafaa ikumbukwe kwamba Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima, na mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 pendekezo hilo lilitekelezwa. Hata hivyo, Kiswahili kilipata hadhi ya somo bila kupata kazi ya kusomeshea masomo mengine. Matokeo yake ni kwamba istilahi nyingi za sayansi ziliundwa na kuchapishwa katika kamusi bila kupata nafasi ya kupimwa mbele ya wanafunzi.

3. Suala la istilahi

Historia ya jina la kompyuta ina funzo. Wengine walishika neno la mkopo, kompyuta. Wengine wakapendekeza ngamizi. Na vitabu vingi vya shule nchini Kenya vikatumia tarakilishi, neno ambalo kwa kawaida huelezwa kuwa limeunganisha tarakimu na akili. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mashine ilikuwa imekwisha kupewa akili katika jina lake kabla ya akili unde kuvuma.

Sasa hali hiyo inajirudia. Nchini Tanzania husikika akili mnemba. Nchini Kenya husikika akili bandia na akili unde pia. Majina haya hayalingani kwa maana. Kwa mkazi wa Nairobi, neno bandia huandamana na noti na dawa za kughushi. Mwanafunzi anaweza kudhani kwamba anafundishwa habari za udanganyifu. Mnemba si neno analokutana nalo kila siku, hivyo halimpotoshi wala halimwongozi. Unde, kwa upande wake, limejengwa kwa kanuni kongwe ya lugha: kutokana na umba tunapata kiumbe, kutokana na tuma tunapata mtume, na kutokana na unda tunapata unde, yaani iliyoundwa. Kwa sababu ya uwazi huo, makala haya yanatumia akili unde.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika neno akili lenyewe. Katika Kiswahili akili ina mwenyewe. Ndiyo maana husemwa kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mtu mwenye akili timamu hulaumiwa na hutoa sababu za matendo yake. Mashine haina sifa hizo. Ni swali la utafiti, wala si la kukisiwa, kujua jina lipi humsaidia mtoto kuiona tofauti hiyo.

4. Sarufi kama mlango wa somo

Mwalimu wa Kiswahili anayo tayari zana ya kuelezea jinsi mashine hizi zinavyofanya kazi. Na awape wanafunzi sentensi hii: "Vitabu ___ vimepotea." Watajaza vyangu, vile au vya mwalimu, na watakataa langu. Wakiulizwa sababu, watataja ngeli. Mashine ya lugha haikufundishwa ngeli. Ilipewa matini nyingi mno, ikakadiria ni neno gani huelekea kufuata jingine. Kisha mwalimu alete neno vijana. Umbo lake linafanana na vitabu, lakini upatanisho wake ni vijana wamefika. Mashine iliyosoma matini chache itaelekea kukosea hapo. Kwa mfano huu mmoja mwanafunzi ameelewa jambo la msingi, kwamba mashine hutegemea wingi na ubora wa matini ilizopewa, na hakuna kifaa kilichohitajika ila ubao na chaki.

Hatua ya pili ni nzito zaidi. Katika mazungumzo ya kila siku jijini Nairobi husikika vitabu zangu na kitabu yangu. Mashine ikilishwa mazungumzo hayo itajifunza upatanisho huo. Ikilishwa vitabu vya shule peke yake, haitamwelewa mtoto wa Kangemi anapozungumza. Uchaguzi wa matini, basi, ni uchaguzi wa wasemaji.

Hatua ya tatu inahusu upendeleo. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika "amefika". Wanafunzi waipe mashine ya tafsiri sentensi "daktari amefika" na "muuguzi amefika", waone ni jinsia gani itachaguliwa kwa Kiingereza, kisha waeleze uchaguzi huo umetoka wapi.

5. Matini zilizopo na zinazokosekana

Kazi ya kukusanya matini haianzi leo. Tangu mwaka 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alikuwa akiunda mfumo wa SALAMA wa kuchanganua Kiswahili kwa kompyuta. Ulazima wa kazi ya namna hiyo huonekana katika neno moja tu, hawatakuandikia, lenye mofimu saba: ha-wa-ta-ku-andik-i-a. Mashine inayokata maneno kwa kufuata marudio ya herufi pekee huweza kulikata mahali pasipo na mpaka wa mofimu.

Nchini Kenya, mradi wa Kencorpus uliwaunganisha watafiti wa vyuo vikuu, wakiwemo wa Maseno na Nairobi. Walikusanya matini 4,442 zenye maneno yapatayo milioni 5.6, pamoja na saa 177 za sauti, katika Kiswahili, Dholuo na Kiluhya. Kwa Kiswahili yalitayarishwa pia maswali na majibu zaidi ya 7,500. Huu ni mwanzo wa kujivunia, ingawa ni mdogo sana ukilinganishwa na matini za Kiingereza zilizomo katika mashine zinazotumiwa leo.

6. Utafiti unaopendekezwa

Kwa bahati njema, vyombo vinavyohitajika havikutengana sana. Isimu na Kiswahili hufundishwa katika kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, katikati ya jiji. Taaluma ya kompyuta iko Chiromo. Na ukifuata barabara ya Waiyaki kuelekea magharibi utapita Westlands, Kangemi na Uthiru hadi Kikuyu, iliko kampasi ya elimu. Shule zenye wanafunzi wanaohusika ziko katikati ya njia hiyo.

Kazi za kwanza zinaweza kuwa tatu. Kwanza, majaribio ya istilahi: somo lile lile lifundishwe kwa makundi mawili, moja kwa Kiingereza pekee na jingine kwa ufafanuzi wa Kiswahili, na uelewa upimwe kwa uwezo wa mwanafunzi kutoa mfano wake mwenyewe, si kwa kukariri fasili. Pili, mkusanyo wa insha na mazungumzo ya wanafunzi, kwa idhini ya wazazi na shule, majina yakiwa yameondolewa na aina ya lugha ikiwa imeonyeshwa. Tatu, mafunzo ya pamoja ya walimu wa Kiswahili na wa kompyuta, ili kila upande ujue kazi ya mwenzake.

Huenda ikasemwa kwamba mitihani, vitabu na ajira vyote vinadai Kiingereza, na kwamba njia hii itawachelewesha watoto. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili. Kuelewa dhana kwa lugha unayoimudu hakukuzuii kujifunza jina lake kwa lugha nyingine. Bali humrahisishia mwanafunzi kazi hiyo. Aidha, yapo majaribio yanayopendekezwa hapa ya kuipima hoja yenyewe.

7. Hitimisho

Mpango wa vifaa vya kidijitali wa mwaka 2016 ulipeleka tabuleti kwa watoto wa darasa la kwanza. Vifaa huweza kununuliwa kwa mwaka mmoja wa fedha. Msingi wa lugha haununuliki hivyo. Mwaka 2023 jarida la Marekani la TIME lilieleza jinsi wafanyakazi nchini Kenya walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha matini za kuchukiza ili mashine ifundishwe kuziepuka. Mikono ya Nairobi, basi, imekwisha kushiriki katika kuiunda akili hii. Wajibu wa idara za lugha ni kuhakikisha kwamba mtoto wa jiji hilo hilo anaweza kuihoji, na kuihoji kwa lugha anayoimudu.